Daraja la mapipa kwenye hori la Pemba: namna ya kulijenga kwa zoezi la uhandisi wa medani

Daraja hili ni la kuvushia askari wa miguu kwenye maji yenye upana wa mita 30, katika hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) lenye tope na mikoko kama yale ya magharibi ya Pemba, kati ya Wete na Chake Chake. Halibebi gari.

Mtoni mjenzi huangalia upana na mkondo. Horini kinachoamua kila kitu ni maji kujaa na kupwa: mkondo hugeuka kila baada ya saa sita na kidogo, na kina hubadilika wakati daraja limeshafungwa. Makosa mengi hutokana na kulisahau hilo.

Hatua ya 1: Soma maji

Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) ikifika, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka takriban mita 4. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti ni ndogo zaidi, kwa hiyo zoezi la kwanza lipange siku hizo. Chukua jedwali la maji la bandari, kisha muulize mvuvi wa hori hilohilo, maana ndani ya hori maji huchelewa. Simika mti wenye alama za kila sentimita 10, uusome tangu maji yapwe mpaka yajae.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa tofauti yote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, mwisho 1. Kwenye bamvua ya mita 4, saa ya tatu peke yake hupandisha mita nzima. Saa hizo za kati usiweke kazi ya majini.

Maji yakitoka, pita kwa miguu mstari wote wa daraja. Mapipa ya pembeni yatalala juu ya tope maji yakipwa, na kisiki kimoja au jiwe lenye chaza linatosha kulitoboa pipa. Ukikuta visiki, sogeza mstari. Mikoko usiikate: bila kibali ni kosa, na mizizi yake ndiyo inayoshika ukingo utakaoukanyaga.

Hatua ya 2: Mapipa

Unahitaji mapipa 40 ya chuma ya lita 200, na matatu ya akiba. Yawe yalibeba mafuta ya kula. Yaliyobeba petroli au kemikali yaache. Pipa tupu lina uzito wa karibu kilo 20, na likizama lote huinua takriban kilo 220 za maji ya chumvi.

Badilisha mipira ya vizibo, kaza, kisha paka povu la sabuni kwenye kizibo na uliweke pipa juani: hewa ikipata joto, povu litatoa vipovu vidogo pale panapovuja. Vizibo vifungwe asubuhi na mapema. Pipa lililofungwa juani kisha likatiwa majini hupoa, hewa ya ndani husinyaa, na kizibo kilicholegea hunyonya maji.

Hatua ya 3: Chelezo

Chelezo ni kipande kimoja cha daraja kinachoelea. Moja ina urefu wa mita 3 na upana wa njia mita 1.2, hivyo utaunda chelezo 10. Kila moja inataka:

- mapipa 4, mawili mawili kichwa kwa kichwa, yakielekea mkondo ili yasiukinge kwa ubavu
- mbao 4 za inchi 2 kwa 6, za mita 3
- mbao 6 za inchi 2 kwa 4, za mita 1.8, za kubana mapipa yasibingirike
- mbao 18 za sakafu, zikiachana kwa upana wa kidole ili maji yapite

Funga kila pipa kwa kamba ya milimita 12, mizunguko mitatu, katikati ya mbavu zake mbili. Nje ya mbavu kamba huteleza. Vizibo vitazame juu. Nailoni ikilowa hulegea, kwa hiyo kaza tena baada ya saa moja majini.

Sasa hesabu. Mapipa manne na mbao zilizolowa ni karibu kilo 230. Mapipa yakizama nusu yanabeba kilo 450 hivi, kwa hiyo inabaki nafasi ya kilo 220: askari wawili na mizigo yao. Wakirundikana sita, sakafu inakaribia usawa wa maji.

Hatua ya 4: Maungio

Chelezo na chelezo ziachane sentimita 10, ziunganishwe kwa minyororo mifupi miwili, kulia na kushoto. Usizikaze kwa boliti. Maji yakipwa chelezo za pembeni hukaa topeni huku za katikati zikielea chini yake, na ungio lisilokunjika huvunja mbao. Funika pengo kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Mbao za kushukia kutoka ukingoni nazo zifungwe kwa kamba, bila misumari.

Hatua ya 5: Nanga

Hapa ndipo madaraja mengi ya zoezi hupotea. Horini nanga ziwekwe pande zote mbili, upande wa bahari na wa bara, kila chelezo ya pili. Urefu wa kamba uwe mara 5 ya kina cha maji yaliyojaa: kina cha mita 5, kamba mita 25. Kamba iliyopimwa maji yakiwa yametoka huwa fupi, na yakijaa huvuta ubavu wa chelezo chini mpaka sakafu inainama. Ifunge chini, kwenye mbao za kubana mapipa, si kwenye sakafu.

Kwenye tope tumia nanga ya makucha mapana. Tofali la zege la kilo 50 likiwa majini halizidi kilo 30 hivi, na tope laini haliling'ang'anii. Mkoko usiutumie kama nguzo, hung'oka.

Hatua ya 6: Kulizungusha na kuvuka

Unganisha chelezo zote sambamba na ukingo, funga ncha moja, kisha achia nyingine izungushwe na mkondo dhaifu wa mwisho wa kujaa, watu wakiishikilia kwa kamba kutoka ukingoni. Tupa nanga maji yanaposimama.

Wavukaji waachane mita 3, kila mmoja na jaketi la kujiokolea, mkanda wa kifuani wa begi ukiwa wazi ili alitupe akianguka. Wasipige hatua pamoja: mwaka 1831 daraja la kuning'inia la Broughton, Uingereza, liliporomoka chini ya askari waliokuwa wakitembea kwa mpigo mmoja. Boti ya uokozi ikae upande mkondo unakoelekea, na ihame mkondo ukigeuka.

Ukibomoa, tikisa kila pipa. Linalosikika maji ndani litie alama kwa rangi, lioshe kwa maji yasiyo na chumvi pamoja na mengine, na lisirudi kwenye chelezo mpaka lipimwe upya.