Somo: Namna ya kutofautisha Raven na ndugu zake

Wakuu, wengi tukiona ndege ndogo isiyo na rubani ikirushwa kwa mkono na askari wa Marekani, tunasema "Raven" basi. Familia hii ina ndugu kadhaa. Wote wametoka AeroVironment, kampuni aliyoianzisha Paul MacCready mwaka 1971. Ndiye aliyeunda Gossamer Albatross, ndege iliyovuka kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwaka 1979 kwa kukanyagwa pedali tu. Mtu wa namna hiyo kila gramu anaihesabu.

Hatua ya 1: Anza na mama yao, FQM-151 Pointer. Wanamaji wa Marekani (Marines) waliinunua mwishoni mwa miaka ya 1980, ikatumika vita vya Ghuba mwaka 1991. Mabawa yake mita 2.74, uzito kama kilo 4. Kamera ilikuwa imefungwa puani, kwa hiyo ukitaka kutazama kushoto unageuza ndege nzima.

Hatua ya 2: Kadiria mabawa. Raven ni mita 1.4 na kilo 1.9, nusu ya mama yake, inabebeka mgongoni. Wasp ya awali ilikuwa sentimita 72 tu. Puma imerudia upana wa Pointer lakini ni nzito zaidi.

Hatua ya 3: Tazama inavyotua. Hapa ndipo nawaomba mtulie. Raven haina magurudumu. Ikifika juu ya eneo la kutua mota inazimwa, pua inainuka, mabawa yanaacha kuibeba, nayo inashuka karibu wima. Ikigusa chini inaachana: bawa huku, pua kule. Nilipoona video yake mara ya kwanza nilisikitika, nikajua imekwisha. Kumbe viungo vimetengenezwa viachie, ili kishindo kiishie hapo kisipasue kiwiliwili. Unaokota vipande, unavipachika, unaweka betri nyingine, unarusha tena. Puma AE (herufi hizo maana yake mazingira yote) yenyewe inatua hata kwenye maji ya chumvi.

Hatua ya 4: Soma herufi. Jina la kijeshi la Raven ni RQ-11, na RQ-11A ilitangulia. RQ-11B ina kamera bora na inakaa hewani dakika 60 hadi 90. Baadaye redio ya dijitali ikachukua nafasi ya analogi, ndege nyingi zikaweza kuruka eneo moja bila kuingiliana.

MASWALI

Mkuu, kwa nini wasiiwekee tu magurudumu?
Magurudumu ni uzito, tena yanadai uwanja. Askari aliye juu ya paa au kwenye mawe ataupata wapi?

Shukrani kwa somo, mwalimu. Afrika Mashariki je?
Mwaka 2011 Marekani ilipanga kuzipa Uganda na Burundi ndege nne za Raven, kwa ajili ya vikosi vyao vilivyokuwa Somalia.

Kaka, hizi ni za vita tu?
Hapana. Julai 2013 mamlaka ya anga ya Marekani iliidhinisha Puma kwa kazi za kibiashara, na mwaka uliofuata ikaanza kukagua barabara na mabomba ya mafuta ya BP huko Prudhoe Bay, Alaska.