Kula Kiitaliano Malindi na familia nzima bila kurudi nyumbani na njaa

Piga simu asubuhi, kabla watu hawajaanza kupiga nguo pasi. Uliza leo kuna samaki gani, mpishi mkuu yupo au amekwenda likizo, na jiko la kuni la piza linawashwa saa ngapi. Anayepokea akikujibu "kila kitu kipo, mama, nyinyi njooni tu," mshukuru, kata simu, upige kwengine. Hoteli ambayo kila kitu kipo kila siku, friza ndiyo iliyojaa.

Na kwa Malindi kwengine hakukosekani. Waitaliano walikuja miaka ya 1960 na mambo yao ya setilaiti kule Ngomeni. Kwenye jukwaa lao la San Marco, baharini, ndiko iliporushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Waliowafuata hawakuja kurusha chochote. Walijenga hoteli, nyumba za kupangisha na maduka ya aiskrimu, na leo hata muuza madafu atakutajia bei kwa Kiitaliano bila kufikiri. Mimi nimepika kwenye jikoni zao kuanzia usichana hadi watoto wangu walipoanza shule, kisha nikaacha, sasa nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona kutoka pande zote mbili za mlango wa jikoni.

Mfano nitakaoutumia ni mlo wa Idi tulioula na kaka yangu aliyekuja kutoka Mombasa na wanawe. Mahali alipachagua yeye, kwa picha za kwenye simu. Jina la mahali halina haja. Kilichoharibika pale huharibika popote, na karibu chote kina dawa.

Tazama bahari kabla ya kutazama menyu

Wakati wa kaskazi, tuseme Desemba hadi Machi, bahari ni shwari, wavuvi wanatoka, na Waitaliano wenyewe wamejaa mjini. Jikoni hakuna mzaha, maana mteja wa meza ya pili anaijua pasta tangu utotoni. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, bahari inachafuka, wenye hoteli wengi wanafunga au wanarudi kwao, na mlango unaobaki wazi unaweza kuwa umeachiwa vijana wawili watatu. Vijana hao si wabaya, nimekuwa mmoja wao. Lakini wanapika kilichopo. Idi yetu iliangukia masika, na kaka akaagiza sahani ya vitu vya baharini iliyokuwa ghali kuliko zote. Masika, agiza piza, lazanya au kuku. Ukitaka cha baharini, uliza kimetoka majini lini, na uombe kuletewa samaki mzima umwone kabla hajapikwa. Si ufidhuli. Waitaliano wenyewe hufanya hivyo kila siku.

Agosti shida inageuka: wageni wanarudi, na karibu na tarehe 15, sikukuu yao ya Ferragosto, meza hazitoshi. Hapo dawa ni saa. Wao huanza kula saa mbili na nusu usiku, hata saa tatu. Mkimaliza kuswali magharibi, ondokeni moja kwa moja. Mtawakuta wapishi wametulia na mafuta ya kukaangia bado ni masafi.

Kuagiza

Hapa ndipo familia nyingi za kwetu zinapoumia, na kosa si la mtu. Menyu ya Kiitaliano imepangwa kwa zamu. Antipasti ni vya kufungulia mdomo. Primi ni pasta na risotto, yaani wali wao mzito wa kukorogwa. Secondi ni nyama na samaki. Contorni ni vya kando: viazi, mboga, saladi. Mwisho dolci, vitamu. Jikoni nako wanapeleka kwa zamu hiyohiyo, wakidhani kila mtu mezani anaifuata.

Mamangu aliagiza samaki wa kuchoma. Sisi wengine tukaagiza pasta na piza. Basi pasta zikaja, tukamaliza, watoto wakaanza kufukuzana na paka chini ya meza, ndipo samaki wa mama akatokea, peke yake kwenye sahani nyeupe na kipande cha ndimu. Mama akamtazama samaki, akamtazama mhudumu, akauliza: "Na wali, mwanangu?" Hakuna wali. Secondo haiji na chochote, cha kando unakiagiza na kukilipia mbali. Mhudumu alifuata alivyofunzwa, ila hakuna aliyemweleza bibi wa miaka yake kwamba atakula samaki mtupu huku wajukuu wameshalamba sahani.

Kwa hiyo mwambie mhudumu maneno haya, naye ayaandike kwenye kijitabu chake mbele yako: "Tunataka vyote vije pamoja, na samaki wa mama aje na viazi." Wali mweupe haumo kwenye menyu nyingi, lakini ukiomba mapema, jikoni mara nyingi kuna sufuria ya wali wa wafanyakazi. Mimi mwenyewe nimeipakulia wageni wengi.

Kuna na hesabu ya muda. Jiko la kuni linalochomwa kama la Napoli linafika nyuzi 430 na zaidi, na piza inaiva humo kwa sekunde 60 hadi 90. Spageti kavu zinataka dakika 8 hadi 12. Risotto haipungui dakika 18 za kusimama na mwiko. Ukichanganya piza za watoto na risotto ya shemeji, mmoja wao atakula chakula kilichopoa, hata mpishi awe hodari vipi. Mkiwa na watoto, risotto iacheni kwa siku nyingine. Hesabu hiyohiyo itakufichulia jambo: spageti zikifika dakika tano baada ya kuagiza, zilichemshwa mchana.

Watoto wawili wadogo, piza moja ya Margherita, ile ya nyanya na jibini tu, inawatosha. Usimwache mtoto achague kwa picha.

Halafu suala la nguruwe na mvinyo, ambalo kwetu Waislamu si la kupuuza. Usiulize "chakula hiki ni halali?" Kila mtu atakuitikia ndiyo, na wengine hawakudanganyi, hawajui tu. Uliza kwa kutaja: ndani kuna nyama ya nguruwe? Mnatia mvinyo? Pasta za carbonara na amatriciana asili yake ni mafuta na nyama ya shavu la nguruwe. Piza za capricciosa na quattro stagioni huja na paja la nguruwe, na diavola ina soseji kali ya nguruwe. Wengi wanaamini bolognese ni salama kwa kuwa ni nyama ya kusaga, lakini mapishi yaliyosajiliwa Bologna mwaka 1982 yana pancetta ndani, nayo ni nguruwe. Risotto, kome na kamba wa mchuzi mara nyingi hunyunyiziwa mvinyo mweupe. Kwenye vitamu, tiramisu hutiwa pombe na wapishi wengi. Panna cotta inagandishwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Hoteli nyingi za Malindi zina wapishi Waislamu, kwa hiyo omba mmoja aje mezani. Atakujibu kweli, na atakwambia pia kisu cha kukatia piza kinaoshwa au hakioshwi. Mlo wetu ule, hili peke yake ndilo lililokwenda sawa, kwa sababu nililisimamia mimi.

Kimeletwa. Sasa kiko sawa au kimeharibika?

Usilalamikie kisichokuwa kosa, utajichosha na utakosa wa kukusikiliza kwenye lililo kosa.

Pasta yenye ugumu kidogo katikati si mbichi. Ndivyo wanavyoila. Mama zetu waliolelewa na tambi za nazi na sukari wanaiona haijaiva. Kama mama anaitaka laini, sema wakati wa kuagiza, iongezewe dakika mbili. Piza yenye madoa meusi ukingoni na ulaini katikati si ya kurudisha. Mhudumu akikataa kuleta jibini ya kunyunyizia kwenye pasta ya samaki, hakudharau, kwao haviendi pamoja. Mwombe tena kwa upole, ataleta.

Haya ndiyo makosa. Spageti zimeshikana, chini ya sahani kuna maji. Unga wa piza ukiuinua ukingo ni mweupe na unanata. Lazanya ina moto juu na baridi ndani. Samaki ananuka, hapo usionje hata mara ya pili. Na ngisi: huyu anapikwa dakika mbili tatu, au anapikwa zaidi ya nusu saa. Katikati ya hapo anakuwa kandambili. Wa kaka yangu alikuwa wa katikati.

Kusema

Sema kwenye tonge la pili au la tatu, si sahani ikishabaki nusu. Jikoni sahani inayorudi imejaa tunaiamini. Inayorudi imebaki mifupa, tunacheka.

Weka uma chini, usishike sahani mkononi, mwite mhudumu kwa mkono, bila kupiga makofi wala "wewe!" Taja kitu kimoja, na taja unachotaka: "Kaka, samahani. Huyu ngisi hatafuniki. Naomba niletewe mwengine, apikwe muda mfupi." Usimwambie "chakula chenu kibaya." Kwa hilo hana la kufanya ila kuomba radhi, na radhi hailiki. Ukiwa huna imani na jikoni, usiombe ngisi mwengine. Omba kitu kingine cha bei hiyo, au kiondolewe kwenye bili. Kaka yangu alitaka kuianza hotuba ya haki za wateja, Kifungu cha 46 cha Katiba, huduma yenye ubora unaostahili. Kifungu kipo, na ni kizuri, lakini kiweke mfukoni mpaka meneja akatae. Hakukataa. Aliletwa kuku.

Jambo moja wateja hawalijui. Mahali pengine, sahani ikirudi mhudumu anakatwa mshahara. Nimeliona likitendeka. Kwa hiyo akikwambia "mama, vumilia," huenda anajitetea tumbo lake. Usimgombeze, mwambie amwite meneja, na mbele ya meneja useme wazi: "Kijana ametuhudumia vizuri, shida ni ya jikoni." Maneno hayo hayakugharimu chochote.

Mwenye hoteli akiwa Mwitaliano na yuko karibu, na tatizo ni pasta iliyopitiliza kuiva, mwambie kwa lugha yake: "La pasta è scotta." Sijaona Mwitaliano akibishana na sentensi hiyo mbele ya wageni wengine. Atainyakua sahani mwenyewe.

Mtu mzima akiwa mezani kama mama yangu, usingoje alalamike, hatalalamika. Atasema ameshiba. Mwagizie kitu kingine bila kumuuliza. Sisi tulimwagizia supu ya mboga na mkate, akala yote.

Bili

Isome mstari kwa mstari kabla ya kutoa simu. Ushuru wa VAT ni asilimia 16, na tozo ya utalii asilimia 2. Angalia chini ya menyu kama bei zinajumuisha vyote viwili au vinaongezwa juu, na uangalie wakati wa kuagiza. Gharama ya huduma ni ya hoteli yenyewe, si ya serikali, na kama huduma imekuvunja moyo una haki ya kuijadili. Wengine hutoza coperto, pesa za mkate na kitambaa cha meza kwa kila kichwa. Mkiwa wengi inafika mbali, hasa wakihesabu na mtoto aliyelala mapajani, kama tulivyohesabiwa sisi. Nilimwonyesha meneja mtoto bado amelala, akafuta.

Hakikisha sahani mliyorudisha haimo. Ukilipa kwa simu, kwa namba ya Till ya hoteli, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na uchukue risiti. Bakshishi mpe mhudumu mkononi kama alisaidia, kwa sababu inayoandikwa kwenye bili si lazima imfikie.

Mabaki yafungwe. Umeyalipia, na hakuna aibu. Vitu vya baharini viache, hasa usiku wa joto wenye safari ya tuktuk. Piza ya asubuhi ipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukiifunika, mpaka jibini iyeyuke na chini ilie kakaka. Lazanya inyunyizie maji kidogo kwanza, la sivyo itakauka juu kabla ya ndani kupata moto.