Kuuandika na kuuchora mchezo wa kiinimacho

Harlan Tarbell (1890–1960) wa Marekani alikuwa mwanamazingaombwe, mchoraji na mwandishi. Kozi yake ya mazingaombwe, iliyoanza kutumwa kwa posta miaka ya 1920, ilifundisha watu asiowahi kukutana nao. Ukitaka kuandika mchezo kwa namna hiyo, anza na mdogo: sarafu inayopotea mkononi.

Ufanye polepole, uhesabu mahali vidole vinapobadili kazi. Hapa ni panne, basi chora picha nne. Kiganja cha kushoto kinatazama juu, sarafu imelala bapa, ukingo mmoja umeshikwa na gumba, wa pili na ncha za vidole. Mkono wa kulia unakuja kama unaichukua: gumba linapita chini ya sarafu, vidole vinne vinaikinga kwa mbele. Gumba la kushoto linalegea, sarafu inaangukia kwenye mashina ya vidole vya kushoto. Mkono wa kulia unajikunja na kuondoka mtupu, macho yakiufuata.

Picha ya tatu ndiyo yenye kazi. Ukiichora kama mtazamaji anavyoona, mwanafunzi ataona migongo ya vidole tu. Vidole vya kulia vichore kwa nukta, sarafu kwa mstari mzito, kisha mshale mfupi wa kwenda chini. Picha tatu za kwanza zichorwe kwa jicho la mfanyaji, ya nne kwa jicho la mtazamaji, na uandike hivyo chini ya kila moja, la sivyo watu watabadilisha mikono. Ukichora kwa kufuata picha ya simu, vaa saa mkono wa kushoto: kamera ya mbele mara nyingine huigeuza picha kama kioo.

Kwenye maandishi, sentensi moja ibebe tendo moja, na usiandike kamwe "mkono mwingine". Taja pia wakati: vidole vya kulia vikishafunika sarafu, ndipo gumba lilegee. Likiwahi, sarafu itaonekana ikianguka. Likichelewa, mkono wa kulia utakuwa umeshaondoka na sarafu iko palepale. Katika picha ya nne, ngumi ya kulia iachie nafasi ya sarafu ndani, na vidole vya kushoto vilegee. Mchoraji akivikaza, mwanafunzi atavikaza, na mtazamaji atajua sarafu iko wapi.

Mwisho, mpe karatasi mtu asiyeujua mchezo, ukae kimya. Anapokwama, chora upya picha hiyo kabla ya kuongeza maneno.