Taa ya oili ikiwaka, anza na geji

Nimelipata hili Cheju, Unguja, katikati ya kuburuga mpunga. Taa ya oili ikiwaka kwenye trekta kuukuu la dizeli, zima kwanza, utizame kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa ipo, fungua swichi ya presha ubavuni mwa injini, ufunge geji ya mkono ya kupimia presha ya oili pahala pake. Swichi na nyaya hudanganya sana, na kwa hewa yetu hii ya chumvi ndiyo usiseme. Washa, usome geji injini ikiwa baridi, kisha ikishapata moto. Matrekta mengi ya zamani, kwa mwendo wa kazi, hutaka presha ya paundi 30 hadi 60 kwa inchi ya mraba. Injini ikiwa baridi presha ni nzuri, ikipata moto ikaporomoka, metali za krenki (beringi za shafti kuu ya injini) zimelika au dizeli imeingia kwenye oili. Nusa kijiti, utajua. Presha ikiwa chini tangu baridi, shuku chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu au valvu ya presha. Geji haikwambii ni ipi kati ya hizo, hapo sampu lazima ishuke. Na injini ikiwa inagonga chini, usiiwashe hata kwa kupima.