Mtoto Wako ni Kipanga na Anasoma Shule ya Serikali: Hatua za Kumwandalia Njia ya Shule ya Vipaji, Kutoka Mwanza

Nafundisha Hisabati darasa la sita na la saba katika shule ya msingi ya serikali hapa Ilemela, na ni mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa masomo na mitihani ya shule. Majina ya kidato cha kwanza yakishatoka, simu yangu haitulii. "Mwalimu, mtoto wangu ana A, mbona kapangiwa shule ya kata? Hao wa vipaji maalumu walipita wapi?" Swali hilo hunijia likiwa limechelewa. Hakuna fomu ya kununua wala ofisa wa kumwona. Upo mtihani mmoja na nafasi chache, na kazi yenyewe hufanyika miaka mitatu kabla. Kwa hiyo namwandikia mzazi ambaye mwanawe sasa hivi yuko darasa la nne au la tano.

Hatua ya 1: Zijue shule zenyewe

Shule za vipaji maalumu ni sekondari za bweni za serikali zinazochukua waliofaulu zaidi. Wavulana wana Ilboru kule Arusha, Mzumbe ya Morogoro, Kibaha ya Pwani na Tabora Wavulana. Wasichana wana Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana. Hata moja haipo huku ziwani, kwa hiyo anza mapema kumzoesha mtoto wazo la kusoma mbali. Wa kwetu wamefanya hivyo tangu zamani: Mwalimu Nyerere alitoka shule ya Mwisenge pale Musoma akaenda Tabora mwaka 1937.

Zinazofuata ni shule za ufundi, na hapa wazazi wengi wa Mwanza hupoteza bahati. Bwiru Wavulana iko mlangoni petu, Musoma Ufundi iko mkoa wa jirani. Mtoto anayefungua redio mbovu na kuirudisha ikaongea anaweza kung'aa Bwiru kuliko Mzumbe. Akipangiwa huko usiomboleze.

Hatua ya 2: Mtambue mwanao, usisubiri namba moja

Nilikuwa na mvulana mmoja katika darasa la watoto 112. Mitihani ya mwezi ilimweka nafasi ya thelathini na kitu. Siku za giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, dagaa wakivuliwa, hakuonekana shuleni, maana usiku alikuwa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na mjomba wake. Siku moja nilimkuta anawapigia hesabu akina mama wanaoanika dagaa: ndoo ngapi zimeingia, kila mmoja ametoa shilingi ngapi, mafuta ya boti yakatwe vipi, kila mmoja abaki na nini. Alifanya kichwani, na akinamama walimwamini kuliko karatasi. Darasani alikosa alama kwa sababu hakuandika njia, na kwa sababu ya siku alizokosa.

Mtoto wa namna hii hupotea kwa urahisi sana katika shule zetu. Dalili ninazozitazama ni hizi: anauliza swali ambalo mwalimu hajafika, anamaliza mapema kisha anasumbua wenzake, anacheza bao na watu wazima na kuwafunga, anakumbuka bei za juma lililopita bila kuandika. Anaweza hata kuwa mtukutu. Nimeona watoto wakichapwa kwa utukutu ambao ulikuwa ni uchovu wa kusubiri wenzao.

Tafuta daftari la kurasa 40, andika tarehe na jambo uliloliona. Usiandike "ana akili sana". Andika "leo amegawanya faida ya samaki kwa watu saba, salio akalipangia matumizi." Ukifika shuleni na daftari hilo mwalimu atakusikiliza, kwa sababu umemletea kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukiona katikati ya watoto mia.

Hatua ya 3: Nenda shuleni ukiwa na ombi dogo

Muulizie mwalimu wa taaluma, uende mchana baada ya vipindi, si asubuhi wakati wa mstari. Usianze kwa kulalamika kwamba mwanao hapewi changamoto. Mama mmoja kutoka Igombe alikuja na daftari lake, akaniamkia, akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma, lakini huyu mtoto ananishinda kumlea. Nisaidie nimpe nini jioni." Nilimpa mitihani ya miaka iliyopita na kitabu cha darasa la juu, na binti akawa ananiletea kazi kila Ijumaa. Haikugharimu shule kitu.

Omba mambo mawili tu: mtoto apewe maswali ya ziada akimaliza, na aruhusiwe kuwafundisha wenzake katika kikundi. La pili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, maana kipanga anayeeleza hujifunza kuandika njia. Wazazi wengine huomba mtoto arushwe darasa. Mimi sishauri. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unahitajika katika rekodi zake, na pengo katika rekodi humsumbua wakati wa usajili wa darasa la saba.

Hatua ya 4: Jina, jina, jina

Kila mwanafunzi ana namba ya PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani unaobeba taarifa zake. Jina lililomo humo ndilo litakalokwenda kwenye mtihani na baadaye kwenye vyeti. Chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, linganisha herufi kwa herufi na tarehe ya kuzaliwa. Huku kwetu mtoto huandikishwa kwa jina la babu, kisha cheti kinakuja na jina la baba. Rekebisha kupitia mwalimu mkuu akiwa bado madarasa ya chini. Ukihama, tuseme kutoka Nansio kuja Buhongwa, uhamisho nao upite kwenye mfumo huo. Usimbebe mtoto na begi tu.

Hatua ya 5: Mwandae kwa mtihani ulivyo

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kwa darasa la saba masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. A inaanzia 241, lakini wenye A ni wengi kuliko vitanda vya shule za vipaji, kwa hiyo lenga juu ya hapo. Kipanga wa Hisabati mara nyingi huangushwa na Uraia na Maadili au Maarifa ya Jamii, kwa kuwa aliyadharau. Mimi humpangia mtoto kama huyo nusu ya muda wake kwa masomo asiyoyapenda.

Maswali 40 ya kwanza hujibiwa kwa kusiliba, yaani kutia weusi, herufi ya jibu kwa penseli ya HB, matano ya mwisho huandikwa kwa kalamu. Mtoto mwepesi hukimbia, akaruka swali moja, na kuanzia hapo majibu yote yakakaa mstari usio wake. Mfanyishe zoezi la kusiliba nyumbani kwa saa ya ukutani, akikagua namba kila baada ya maswali kumi. Naona zoezi hili linaokoa alama nyingi kuliko tuisheni ya mwezi mzima.

Siku za giza abaki nyumbani alale. Hilo najua ni gumu kwa familia ya mwaloni. Nimekaa na wajomba na kina baba nikaliomba, na wengi walikubali nilipowaonyesha daftari la mahudhurio.

Jambo moja zaidi: chini ya mtaala ulioanza Januari 2024, walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba. Ushindani wa nafasi mwaka huo utakuwa wa madarasa mawili. Kama mwanao yumo, usipange kama ulivyompangia kaka yake.

Hatua ya 6: Majina yakitoka

Matokeo huwekwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Upangaji wa shule hufanywa na TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kutangazwa kwenye tovuti yao. Tafuta mkoa, halmashauri, kisha shule. Pakua fomu ya kujiunga siku hiyo hiyo. Ada haipo tangu 2016, lakini godoro, shuka, sare, tranka na nauli ni vyako, na mabasi ya Januari kutoka Nyegezi hujaa. Kata tiketi mapema.

Kiingereza ndicho kinachonikosesha usingizi. Mtoto wetu amesoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, kisha anakaa dawati moja na waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza. Yule binti wa Igombe alifika Kilakala akawa haelewi neno "fraction", ilhali sehemu alizijua kuliko wote. Kwa hiyo kati ya mtihani wa Septemba na Januari asikae bure: msomeshe vitabu vya kidato cha kwanza vya Hisabati na Baiolojia, aandike maneno mapya kumi kila siku pamoja na maana yake ya Kiswahili, na ayatumie katika sentensi.

Asipopangiwa huko

Shule ya kutwa ya kata ina mlango wake. Shule kadhaa za vipaji hupokea pia wanafunzi wa kidato cha tano, na hapo kinachotazamwa ni matokeo ya kidato cha nne na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, aliyoichagua. Yule mvulana wa dagaa alipangiwa kata, akakaa miaka minne pale akitembea na viatu vyake mkononi wakati wa masika. Alipomaliza kidato cha nne alinipigia simu tukapitie pamoja machaguo yake ya TAMISEMI. Tuliweka PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) juu, Tabora Wavulana mbele. Mjomba wake alikuwa amekaa pembeni yetu anatengeneza nyavu, akauliza kama Tabora kuna ziwa.