Kununua nyumba Kisumu ukiwa raia wa kigeni

Mtanzania au Mganda, usilipe hata amana kabla ya kusoma hatimiliki. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, tena isizidi miaka 99. Ukiuziwa umiliki wa kudumu, sheria itauhesabu kuwa wa miaka 99, hata kama umelipa bei ya milele. Kwa hiyo hesabu miaka iliyobaki: hati ya miaka 99 iliyoanza 1965 inaisha 2064.

Upekuzi kwenye masjala ya ardhi ufanywe na wakili wako, kamwe si wa muuzaji. Tenga pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa nyumba ya mjini, na udai cheti cha kaunti kuonyesha hakuna deni la kodi ya kiwanja.

Kisha kagua kuta. Upande wa Kano, tambarare iliyo mashariki ya Kisumu, udongo ni mweusi wa kunata: masika huvimba, kiangazi husinyaa, na msingi mfupi hucheza. Tazama pembe za madirisha. Ufa wa mshazari unaopitisha sarafu ni hatari, na rangi mbichi hapo tu huwa imeuficha.