Kufungua kibanda cha mahamri bila kelele

Ukitaka kuuza mahamri na mbaazi pale Majengo, Mombasa, usianze na bango wala spika, shoga. Mwanzo wauzie watu wa karibu tu: jirani wa ghorofa ya juu, fundi cherehani wa chini, vijana wa bodaboda pale konani.

Pika kilo moja ya unga, basi. Ukande usiku kwa hamira, iliki na tui la nazi, uumuke hadi alfajiri. Mbaazi zichemke kwa tui jepesi. Tui zito litie mwisho, moto mdogo, lisikatike.

Na walipe tangu siku ya kwanza, maana cha bure kila mtu atakisifu. Mimi hata "Mashallah, tamu" siisikilizi sana. Naangalia sahani inaporudi. Mahamri yameisha na mbaazi zimebaki? Onja chumvi. Hamri limeumwa pembe moja likaachwa? Libonyeze: likitoa mafuta, karai halikupata moto wa kutosha. Muulize bodaboda, yeye hana haya. Jirani atakustahi.

Rekebisha kitu kimoja kwa siku, ndio ujue kipi kimesaidia. Kilo ikiwa inaisha kabla ya saa mbili asubuhi, na watu usiowajua wanaanza kuulizia, ongeza nusu. Bango lingoje hadi upate msaidizi wa kusukuma, kwa sababu mteja akichoka foleni atavuka barabara kwa mwenzio, na kumrudisha ni kazi.